Anwani ya Chama Isihame na Katibu Wake

Mitaani Dandora, jijini Nairobi, tangu Awamu ya Kwanza hata ya Tano, ni shida kupata ua usiokuwa na chama: hapa cha vijana wanaozoa taka na kupanda miti, pale cha kina mama wa akiba na mikopo, na mbele kidogo cha mazishi, navyo vyote, maadamu benki, wafadhili na ofisi za kaunti wamezoea kuandikiana kwa mtandao, vimelazimika kuwa na anwani ya barua pepe. Lakini anwani hiyo, ukiisoma ilivyopigwa chapa juu ya karatasi ya chama, aghalabu utaiona kuwa ni ya bure, iliyofunguliwa katika simu ya mtu mmoja na kwa jina lake. Katibu akihamia Ruiru, au akikosana na mwenyekiti, au simu yake ikinyakuliwa stejini, basi mikataba, stakabadhi na majina ya wanachama hupotea naye, na waliobaki huanza kuwaandikia wafadhili kwa anwani ngeni, wakiomba kuaminiwa upya kama watu waliozaliwa jana.

Rai yangu ni kwamba anwani ni mali ya ofisi, mfano wa mhuri na daftari la hesabu, na kwamba vyama vya Dandora vina uwezo wa kuimiliki kwa dhati kwa kushirikiana kuendesha seva moja ya barua. Vipande vya kuijengea vimekwisha tengenezwa na mabingwa, navyo hutolewa bila malipo ya leseni: Postfix, kazi ya Mholanzi Wietse Venema alipokuwa katika maabara ya IBM, iliyotolewa kwa umma mwaka 1998, Dovecot ya Timo Sirainen wa Finland, iliyotoka mwaka 2002, na kwa hifadhidata, MariaDB, tawi la MySQL lililoanzishwa na Michael Widenius mwaka 2009, au PostgreSQL kwa wanaoipendelea. Dandora yenyewe, kwa hakika, ilijengwa kwa utaratibu kama huo, pale mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975 ulipoliwezesha jiji kupima viwanja 6,000 na kuvitilia maji na mfereji wa maji taka, kisha kila mwenye kiwanja akajiongezea vyumba kwa kadiri ya mfuko wake.

Moyo wa kazi yote ni hifadhidata, nayo haihitaji zaidi ya majedwali matatu: la vikoa, la masanduku, na la lakabu. Barua ikibisha hodi, Postfix huiuliza hifadhidata kama kikoa kilichoandikwa ni chetu, na kama yumo humo mtu aitwaye mhazini. Jibu likiwa la, barua hukataliwa pale pale mlangoni, na likiwa ndiyo, hukabidhiwa Dovecot, ambaye huitia katika sanduku na kumfungulia mwenyewe atakapokuja na nywila yake. Nywila hiyo nayo haiandikwi ilivyo, bali husagwa kwa hesabu ikawa alama isiyorejesheka, hata mwizi wa jedwali asiambulie neno lenyewe. Siku ya uchaguzi, katibu mpya akishika kiti, fundi huandika amri ya mstari mmoja inayobadili alama ile, na mara hiyo katibu wa jana hana mlango, ilhali barua zote, tangu ya kwanza, zimekaa mahali pake. Simjui mwenyekiti ambaye hangetamani makabidhiano ya namna hiyo.

Wala Nairobi si mgeni wa mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijafunguliwa kwa watu wote, taasisi ya Environment Liaison Centre International iliendesha kituo cha mtandao wa FidoNet mjini humu, ambacho kompyuta zake zilipeana barua na London kwa laini ya simu ya kawaida, zikikusanywa kwanza kisha zikatumwa kwa mkupuo mmoja.

Atakayeniuliza kwa nini basi seva isiwekwe juu ya kabati la ofisi, nitamjibu kwamba huo ndio ugumu wenyewe. Stima hupotea, namba ya mtandao wa nyumbani hubadilika, kampuni nyingi za intaneti hulifunga lango la 25 linalopitisha barua ziendazo nje, na wapokeaji wakubwa, Google na Yahoo, tangu Februari 2024 wameongeza ukali, wakidai thibitisho la SPF au DKIM, na kwa wanaotuma kwa wingi yote mawili na DMARC pia, la sivyo barua ya chama hutupwa katika taka pamoja na za matapeli. Kwa hiyo mashine na ikodiwe katika kituo cha data, nayo iwe moja kwa vyama vingi, kwani kuongeza chama ni kuongeza safu katika jedwali la vikoa. Ghali ni uangalizi: mtu wa kusoma kumbukumbu za seva kila asubuhi, kuisasisha na kuweka nakala mahali pengine. Vijana wanaofufua kompyuta zilizookolewa dampo hawashindwi na kazi hiyo, wakilipwa. Kwa kujitolea tu, itadumu mpaka Krismasi.

Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayomtwisha dhima kila anayeshika habari za watu, hata kikundi kidogo chenye orodha ya wajane. Basi nywila kuu ya seva na ishikwe na watu wawili wa vyama tofauti, na kila aingiaye aache alama ya kuingia kwake. Na kwa kuwa ada ya jina lenye mwisho wa .or.ke hulipwa kila mwaka kwa wakala aliyeidhinishwa na KENIC, msimamizi wa majina ya .ke, na jina lisilolipiwa huachwa mpaka likaweza kuchukuliwa na mtu baki, iandikwe katika bajeti karibu na kodi ya ofisi, kabla ya chai na maandazi ya mikutano.