Kosa la Norwich si hilo

Nimechoka kusikia wasomi wa historia wakimkejeli marehemu John Julius Norwich kwamba hakuwa mtafiti. Mwenyewe alikiri waziwazi kuwa hakuwahi kugundua jambo hata moja jipya la kihistoria. Mnamvua nguo mtu aliyekwisha kuzivua mwenyewe.

Kabaila huyu wa Kiingereza, mtoto wa mwanasiasa Duff Cooper, aliacha kazi ya ubalozi mwaka 1964 ili aandike. (Kuacha mshahara ni rahisi ukiwa umerithi cheo cha baba, hilo nalikubali.) Alianza na Wanormani wa Sisilia, akaja Venisi, kisha vitabu vitatu vya Bizanti, kati ya 1988 na 1995: dola iliyodumu zaidi ya miaka 1,100, ambayo Gibbon aliidharau na ambayo Eton, shule aliyosoma Norwich, iliinyamazia. Alisoma majuzuu mazito, akayasimulia hadi msomaji wa kawaida akanogewa. Wataalamu waliijua Bizanti siku zote. Walimwambia nani? Wao kwa wao.

Mkitaka kumshambulia, mshambulieni panapostahili. Bizanti yake ni ya makaizari, ya maaskofu wagomvi, ya malkia Irene aliyeamuru mwanawe apofushwe. Mkulima ambaye kodi yake ililisha majumba yale haonekani. Aliyekulia sebuleni kwa wakubwa aliandika wakubwa. Lakini ninyi mnaomjua mkulima huyo, mnaozisoma hati zake za kodi, mbona mnawaandikia watu kumi? Kiandikeni kitabu chake kwa lugha inayosomeka, nami nitakinunua kabla ya cha Norwich.