Nauli ya Mzigo Unaorudi ni ya Nani?



Biashara ya pwani yetu imehamia kiganjani. Abaya, mitandio, viatu vya watoto, vyombo vya jikoni na hata mapazia ya Idi, vyote sasa hutazamwa katika simu, hulipiwa kwa M-Pesa, na kuletwa kwa basi, kwa bodaboda au kwa mashua. Mama aliye Lamu au Kwale hana haja tena ya kufunga safari kwenda Mombasa kutafuta nguo ya harusi. Neema hii hatuikanushi. Lakini mtihani wake huja pale mzigo unapofunguliwa, na ndani yake kikakutwa kitu ambacho sicho kilichoagizwa. Kitu hicho kirudi. Je, nauli ya kukirudisha ailipe nani?

Swali hili laonekana dogo, nalo si dogo. Tuseme dada mmoja wa Lamu ameagiza abaya ya shilingi 3,000 kutoka duka la Nairobi, na nauli yake ni shilingi 500. Aliagiza nyeusi yenye tarizi ya dhahabu; imefika ya kahawia, na mshono wa bega umefumuka. Muuzaji asema, irudishe nikuletee nyingine. Kuirudisha ni shilingi 500, na kuletewa ya pili ni shilingi 500. Ikiwa zote zatoka mfukoni mwa dada huyu, atakuwa ametoa shilingi 1,500 za nauli kwa nguo ya shilingi 3,000, yaani nusu ya bei, na kosa si lake. Wengi hupiga hesabu hiyo wakaona heri kunyamaza, na abaya ikatundikwa kabatini. Muuzaji naye, asiposikia lalamiko, huamini kwamba biashara imekwenda salama. Hivyo ndivyo haki inavyoweza kuwapo kwa jina na isiwepo kwa vitendo: haikukataliwa na mtu, ila imewekewa bei ambayo mwenyewe haimudu.

Msimamo wetu ni huu: gharama ifuate kosa. Aliyekosea alipe. Na pale ambapo hakuna aliyekosea, gharama ifuate sharti lililotajwa wazi kabla ya pesa kutoka.

Tuanze na kosa la muuzaji. Anayenunua kwa simu hakishiki kitu, hakinusi, wala hakijaribu mwilini. Alicho nacho ni picha na maneno tu. Kwa sababu hiyo, sifa iliyotajwa ndiyo nguzo ya mauzo yote. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wetu hapa pwani, walikuwa wakali sana juu ya kuuza kitu ambacho mnunuzi hakukiona, wakaruhusu kuuza kwa sifa pale sifa zinapopambanuliwa barabara. Wenzao wa madhehebu ya Hanafi waliruhusu kuuza kisichoonekana, lakini wakampa mnunuzi khiyari ya kukikubali au kukikataa atakapokiona. Njia ni mbili, na hofu iliyoziongoza ni moja: mtu asije akatoa mali yake kwa kitu cha kubahatisha. Sote twakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta juu pakavu na chini pana unyevu, na jinsi alivyomkemea mwenye nafaka kwa kuificha ile iliyolowa. Picha iliyong'arishwa hata rangi ikabadilika, au iliyochukuliwa katika ukurasa wa duka jingine, haina tofauti na lundo lile.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, yasema kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo ni lazima kilingane na maelezo hayo. Kisha imo kanuni ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia: mnunuzi mwenye haki ya kukikataa kitu alicholetewa halazimiki kukirudisha kwa muuzaji, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Yamtosha kumjulisha muuzaji kwamba amekikataa. Maana yake ni kwamba abaya ya kahawia iliyoletwa mahali pa nyeusi, mwenye kuitaka na aje aichukue, au atume nauli yake. Dada wa Lamu hadaiwi hata senti moja ya kuirudisha, maadamu hakukubali sharti jingine tangu mwanzo.

Tena kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka 2012. Sheria hii yayatambua makubaliano yanayofanywa kwa maandishi kupitia intaneti, na yamtaka muuzaji ampe mnunuzi habari zilizowekwa na sheria kabla ya makubaliano, pamoja na nafasi iliyo wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha. Asipofanya hivyo, mnunuzi aweza kuyavunja makubaliano hadi siku 7 baada ya kupokea nakala yake. Sheria hiyo hiyo yataka bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha, na haki hizo haziondolewi kwa maneno ya risiti. Kwa hivyo yale maandishi tuliyoyazoea, ya kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayana nguvu juu ya mali mbovu. Ni wino tu.

Hayo ni ya muuzaji. Lakini tusiwe wa kuona upande mmoja, kwani wengi wa wasomaji wetu ni wauzaji pia. Ni akina mama wanaouza wakiwa nyumbani, wenye mtaji wa pesa za chama, na faida yao kwa nguo moja huenda ikawa shilingi mia tatu au nne. Mama kama huyo akiletewa nguo iliyorudishwa kwa sababu mnunuzi ameiona nyingine nzuri zaidi, kisha akalipishwa nauli ya kwenda na ya kurudi, faida ya nguo tatu imeliwa na nguo moja. Na wapo wanunuzi, Mwenyezi Mungu atuongoze, wanaoagiza gauni siku ya Jumatano, wakalivaa harusini Ijumaa, na Jumapili wakalirudisha likinukia udi, wakisema haliwatoshi. Huo nao ni udanganyifu, sawa na kuficha nafaka iliyolowa. Aliyetumia kitu kisha akakirudisha kama kwamba hakukigusa hana haki ya nauli, wala hana haki ya bei.

Na aliyebadili nia tu, bila ya ila katika kitu wala udanganyifu kwa upande wake? Hapa hakuna aliyekosea, na ndipo sharti linapohukumu. Fiqhi yetu yaijua khiyari ya sharti: wauzianao hukubaliana kwamba mmoja wao ana muda wa kufikiri, na katika madhehebu ya Shafii muda huo hauzidi siku tatu. Asili ya siku tatu hizo ni sahaba mmoja aliyekuwa akipunjwa sokoni, Mtume akamwelekeza ashurutishe kwamba pasiwe na kulaghaiana, na awe na khiyari ya siku tatu katika kila anachonunua. Waislamu hutakiwa kusimama katika masharti yao. Basi kama muuzaji alitangaza kwamba mwenye kubadili nia arudishe kitu ndani ya siku tatu kwa nauli yake mwenyewe, na mnunuzi akaridhia, nauli ni ya mnunuzi, wala hapana dhuluma.

Hata nchi zilizokwisha kuizoea biashara hii zimefika hapo. Katika Jumuiya ya Ulaya, agizo la mwaka 2011 lampa anayenunua kwa mtandao siku 14 za kubadili nia bila ya kutoa sababu. Lakini gharama ya kurudisha ni ya mnunuzi, isipokuwa muuzaji amekubali kuibeba, au hakumjulisha mnunuzi mapema kwamba ataibeba yeye. Tazameni busara iliyomo: muuzaji aliyenyamaza ndiye anayelipa. Maduka mengi ya huko yalizoea kurudishiwa nguo bure, na wanunuzi wakazoea kuagiza saizi tatu na kurudisha mbili. Mwaka 2022 duka la Zara lilianza kuwatoza wanunuzi wa Uingereza pauni 1.95 kwa nguo zilizorudishwa kupitia vituo visivyo maduka yake. Cha bure kilikuwa na bei siku zote, ila bei hiyo ilifichwa ndani ya bei ya nguo, ikilipwa na wote, hata na yule asiyerudisha kitu.

Lililo gumu zaidi ni suala la saizi, na ndilo liletalo ugomvi mwingi. Abaya iliyoandikwa 56 na mshonaji mmoja huenda ikapungua au ikazidi kwa mwingine. Hapa twashauri kipimo kiandikwe kwa inchi au sentimita, cha urefu, cha kifua na cha mkono, wala pasitegemewe namba peke yake. Kipimo kikiwa kimeandikwa na nguo ikatofautiana nacho, kosa ni la muuzaji. Nguo ikilingana nacho na mnunuzi hakujipima, kosa ni la mnunuzi. Kipimo kisipoandikwa kabisa, wote wawili wamezembea, na ni uungwana wagawane nauli nusu kwa nusu. Kadhalika kwa kitu kilichovunjika njiani: aliyeichagua kampuni ya mizigo ndiye aifuate, asimwachie mwenzake kazi hiyo.

Basi mwenye kuuza na aandike mambo manne katika ukurasa wake na katika ujumbe wa kwanza kwa mteja: siku za kurudisha, hali ambayo kitu kirudi nacho, nani alipe nauli kwa kila sababu, na pesa zitarejeshwa siku ya ngapi. Mwenye kununua na aulize manne hayo kabla ya kubonyeza nambari yake ya siri. Ahifadhi picha ya tangazo, ujumbe walioandikiana na ule wa malipo, na aufungue mzigo huku mtu akirekodi kwa simu. Haya hayatokani na dhana mbaya. Hata deni baina ya ndugu, Qur'ani yatuamrisha liandikwe.

Ikishindikana kuelewana, mlango wa kwanza ni mzee au mtu mwaminifu wa pande zote mbili. Usipofunguka, ipo Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi, na ipo Mahakama ya Madai Madogo, yenye kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambako mtu aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili.

La mwisho tusilisahau. Muuzaji ambaye sheria haimlazimishi, naye akampokea mnunuzi aliyejuta na kumrudishia pesa zake, ameahidiwa katika hadithi kwamba Mwenyezi Mungu atamsamehe makosa yake siku ya Kiyama. Na mnunuzi aliyefanyiwa wema huo na asimwache muuzaji apoteze nauli juu ya hisani yake. Ailipe mwenyewe, hata asipoombwa.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.