Nyota na Mwenziwe Asiyeonekana

Mwezi huu watoto wametuuliza kama ni kweli kwamba shimo jeusi laweza kuja kulimeza jua letu. Ni vema wazazi na walimu wawe na jibu, maana mtoto asiyejibiwa hulala na hofu yake.

Shimo jeusi si tundu lililotobolewa angani. Ni mabaki ya nyota kubwa iliyokufa, yaliyoshindiliwa mahali padogo mno, hata nguvu yake ya kuvuta haiachilii kitu, wala nuru.

Basi, kisichotoa nuru hujulikanaje? Mbuzi akifungwa malishoni, mtu aliye mbali haoni kamba wala kigingi. Walakini akimwona azunguka mahali pamoja tu, ajua ya kuwa amefungwa. Ndivyo ilivyokuwa katika habari hii. Chombo kiitwacho Gaia, kilichorushwa na mataifa ya Ulaya mwezi wa Desemba 2013, kilipima mahali pa nyota nyingi sana, kikazimwa Machi 2025. Katika nyota hizo, moja ilionekana ikiyumba. Mwaka 2022 Kareem El-Badry na wenziwe waliichunguza kwa darubini, wakaona kwamba nyota hiyo, inayofanana na jua letu, yazunguka pamoja na mwenzi asiyeonekana, na mzunguko mmoja huchukua siku 186 hivi. Mwenzi huyo ana uzito wa majua yapata 10. Kama angekuwa nyota ya kawaida, angeng'aa kuliko yule tumwonaye. Lakini pale pana giza tupu. Wakakata shauri kuwa ni shimo jeusi, wakaliita Gaia BH1. Lilipogunduliwa lilikuwa la karibu kuliko yote yaliyojulikana. Walakini nuru ya nyota ile hutufikia baada ya miaka 1,560 hivi.

Na tazameni: nyota ile haimezwi. Umbali kati yake na shimo, kwa wastani, wazidi ule wa dunia na jua, nayo yaendelea na njia yake. Shimo jeusi halizungukizunguki likitafuta mawindo. Kwa kitu kilicho mbali, huvuta kama nyota yo yote ya uzito uo huo. Wala jua letu halitageuka shimo jeusi, kwa kuwa ni dogo.

Limebaki fumbo moja. Nyota kubwa ikikaribia kufa huvimba mno. Ile iliyokufa yapasa kuwa ilivimba kupita mahali ambapo mwenziwe azunguka leo. Mbona huyu mdogo yu mzima? Wataalamu wametoa maelezo mbalimbali, lakini hawajapatana. Walimu, mtoto akiwauliza hilo, msione haya kumwambia kwamba bado halijajulikana. Pengine yeye ndiye atakayelichunguza.