Ramani ya Loitokitok Ianzie kwa Mfugaji

Mtafiti anayechora ramani ya Loitokitok akiwa Nairobi huona malisho na mito. Haoni njia ya ndovu kati ya Amboseli na Kimana, ambayo mama anayekwenda kuchota maji alfajiri anaijua na kuihofia.

Kitengela ilishatuonyesha njia: wafugaji walishirikiana na watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) kuchora ramani ya uzio uliokuwa ukiwazibia nyumbu njia ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ushahidi nayo, programu ya ramani iliyozaliwa humu nchini mwaka 2008, ilipokea taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu.

Programu mpya zifanye kazi pasipo mtandao, zitumie Kimaasai, na kisima kisianikwe kwenye ramani kabla wenyeji hawajaridhia. Ranchi za jamii zinagawanywa, na mpaka uliokosewa kwenye skrini huweza kuishia kortini. Nakala ya kila ramani ibaki Loitokitok.