Bandari ya Bagamoyo na Insafu ya Majirani

Tangu mwaka 2013, zilipotiwa saini hati za kujenga bandari kuu Mbegani, kusini ya mji wa Bagamoyo, kwa mali ya China, na baadaye ya Omani pia, mazungumzo yetu juu yake yamekuwa aghalabu ni ya mwenye ardhi na mwenye fedha: muda wa kumiliki, misamaha ya kodi, na masharti ambayo Rais Magufuli aliyakataa hadharani mwaka 2019. Hayo yalikuwa na haki ya kuulizwa. Lakini lipo swali lililo kubwa kuliko hayo, nalo ni shehena ya bandari hiyo itatoka kwa nani.

Itatoka Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda na Zambia, yaani kwa wateja walewale wanaogombewa na Mombasa na Dar es Salaam, na ambao baadhi yao hutazamiwa vilevile na Lamu, iliyofungua gati lake la kwanza mwaka 2021. Bagamoyo imekwisha kuonja mashindano ya namna hii: baada ya kuneemeka kwa misafara ya pembe kutoka Tabora na Ujiji, na kwa dhuluma ya kuuza watu, iliachwa mwaka 1891 Wajerumani walipohamishia makao ya serikali Dar es Salaam, penye kina cha kufaa meli kubwa.

Wapo wasemao kwamba mashindano ya bandari ndiyo salama ya nchi zisizo na pwani, na hoja yao ina nguvu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipoifunga njia ya Mombasa, petroli iliadimika Uganda na Rwanda. Na mwaka 2016 Uganda ikaamua bomba la mafuta yake lishukie Tanga. Milango miwili ni bora kuliko mmoja. Ila gati hujengwa kwa deni, na deni la gati lililokosa meli hulipwa na mkulima ambaye hakushauriwa.

Kuendesha bandari kwa pamoja si jambo geni kwetu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1967, haikukosa vyombo: reli ilikuwa na makao Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta Kampala. Ilivunjika mwaka 1977 kwa kuwa washirika waliona faida haigawanywi kwa insafu, na uhasama wa Nyerere na Amin ukazidisha ufa. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Jumuiya ya leo ina umoja wa forodha tangu 2005, na ushuru wa mzigo wa Uganda waweza kumalizwa bandarini kabla gari halijaondoka. Bandari, basi, imekwisha kuwa chombo cha wote, ilhali uamuzi wa kuijenga ungali wa mmoja. Rai yangu ni kwamba hesabu za Mbegani zipelekwe Arusha, kwenye makao ya Jumuiya, zilinganishwe na za Mombasa, Lamu na Tanga, kabla ya gati la kwanza kujengwa.

Wakati huohuo barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga imalizwe hima, ili nanasi la Kiwangwa lifike Horohoro, mpakani na Kenya, kabla halijaharibika. Lakini barabara peke yake haitoshi: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na malori yakakwama mipakani. Afya ya walaji ni jambo la lazima. Basi na zipimwe nafaka kwa kipimo kimoja, katika maabara ambazo nchi zote zimezikubali, na cheti cha Tanga kipokelewe Mombasa bila kupimwa upya.