Kuvuka Barabara si Kujaribu Bahati

Kila mwalimu wa lugha ana maradhi yake. Yangu ni kuyasikiliza maneno pale ambapo wengine wanasikiliza habari. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiitafakari sentensi moja isiyokoma katika redio na magazeti yetu: kwamba mtu fulani aligongwa na gari alipokuwa akijaribu kuvuka barabara.

Ebu msomaji mpendwa tulitazame neno hilo, "akijaribu". Hatusemi kamwe kwamba dereva alikuwa akijaribu kwenda kazini. Dereva huenda, mtembea kwa miguu hujaribu. Isitoshe, katika sentensi hiyo gari halina mtu ndani yake. Linajiendea tu, na aliyegongwa ndiye mwenye kitendo, ndiye mwenye kosa.

Kisha tunalihitimisha jambo lote kwa neno "ajali". Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni muda uliokadiriwa, yaani siku ya mtu iliyoandikwa. Hata katika Kiswahili, ajali huweza kumaanisha kudura. Mimi siipingi kudura. Hata hivyo, mahali pa kivuko, upana wa njia na mwendo wa magari ni mambo yaliyoamuliwa na binadamu, mezani, kwa kalamu na rula.

Na maamuzi hayo yamempendelea nani? Katika jiji la Nairobi, takriban safari 4 kwa kila 10 hufanywa kwa miguu. Ndio hao waendao alfajiri kutoka Kibera na Mukuru hadi viwandani, na watoto wa shule wanaopita kandokando ya Barabara ya Jogoo. Nchini kote, zaidi ya watu 4,000 hupoteza maisha barabarani kila mwaka, na zaidi ya theluthi yao ni watembea kwa miguu. Lakini fahari zetu ni zipi? Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi mwaka 2012 huku baadhi ya madaraja ya watembea kwa miguu yakiwa hayajakamilika. Mwaka 2022 tukapata barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo mtembea kwa miguu haruhusiwi hata kuikanyaga.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba madaraja yapo, ila watu ni wavivu wa kuyapanda. Hoja hii haina mashiko. Ninaye mwanafunzi atembeaye kwa magongo. Daraja lililo karibu na anakoishi lina ngazi tupu. Basi kila asubuhi hupanda matatu hadi kwenye mzunguko ulio mbele, akashuka, akapanda nyingine ya kurudi, ili tu awe ng'ambo ya pili. Analipa nauli mara mbili kuvuka barabara ambayo mwenzake mwenye gari huimaliza kwa sekunde tatu. Je, huyu naye ni mvivu? Na mama mjamzito? Na hamali mwenye mkokoteni? Na msichana anayeogopa kupita juu ya daraja lisilo na taa usiku? Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Leo mwenda pole hagongwi tu, bali pia hulaumiwa.

Ajabu ni kwamba hatukosi sheria. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali popote pa umma bila kuzuiwa isivyostahili. Mwaka 2015, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Wala hatukosi ujuzi: anayepita leo katika mtaa wa Muindi Mbingu huona jinsi njia pana ya miguu inavyoweza kuupa mtaa heshima. Kinachokosekana ni kuupeleka ujuzi huo nje ya katikati ya jiji, kule ambako watembeao ni wengi zaidi na njia yao ni matope.

Tuanze na vivuko vya chini, mahali pale pale watu wanapovukia tayari, vyenye taa na matuta. Mwendo karibu na shule na masoko usizidi kilomita 30 kwa saa, kwa maana agongwaye kwa mwendo huo aghalabu hupona. Na ile asilimia 20 ionekane katika kila bajeti, si katika kabati.

Nanyi walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi wenu barabarani wakiwa na saa na penseli. Wahesabu ni wangapi wanavuka, wapi, na kwa sekunde ngapi. Kisha waandike insha na kuipeleka kwa mwakilishi wao wa wadi. Watakuwa wamejifunza hesabu, lugha na uraia kwa somo moja.

Kipimo cha mtaa wa haki ni yule aendaye polepole kuliko wote. Siku atakapofika ng'ambo bila kukimbia, tutaweza kuandika kwamba alivuka barabara, nukta.