Tuhuma si Ushahidi

Bangi ni haramu, heroini ni haramu, na mwenye kuziuza anaangamiza watoto wa watu. Twalisema hili mwanzo, asije mtu akatuzulia kuwa twawatetea wauza sumu.

Lakini sisi wa Mwaya na Kyela nzima tu majirani wa mpaka. Mzigo ukikutwa chini ya kiti cha basi litokalo Kasumulu, kila abiria husema si wake, akashikwa aliyekaa karibu. Barazani hukumu imekwisha tolewa: "Lisemwalo lipo." Ndugu zangu, tangu lini methali ikawa shahidi?

Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ilifunga mlango wa dhamana kwa kutazama uzito wa mzigo unaotajwa katika mashitaka. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, iliamua kwamba kunyima dhamana kwa makosa ya namna hii hakuvunji Katiba. Twaiheshimu mahakama. Hata hivyo Ibara ya 13(6)(b) yakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Basi ikiwa hakuna hati ya kukamata mali, wala shahidi huru, wala taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, uzito huo umethibitishwa na nani? Na kijana akae rumande, kila tarehe akiambiwa "upelelezi haujakamilika"?

Tirmidhi amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia. Litazameni hilo "kisha". Kizuizi kilikuwa cha kuchunguza, hakikuwa adhabu. Na fiqhi inao mlango wa kafala, mtu kumdhamini mwenziwe kwamba atahudhuria.

Watasema: "Atavuka mto Songwe, aingie Malawi." Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo sababu kuna wadhamini, kusalimisha pasipoti na kuripoti kituoni. Na mwendesha mashitaka mwenye ushahidi aulete, hakimu aupime. Tutakalo ni hakimu apewe nafasi hiyo.

Nasi tujilaumu. Hata kwa makosa yenye dhamana, nani kati yetu humsimamia mtoto wa jirani? Na muuzaji tunayemjua, nani huthubutu kumtolea ushahidi? Kunyamaza kwetu ndiko kunakomtia pingu aliyekaa karibu na mzigo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusimamia haki, hata juu ya nafsi zetu. Amin.